Kamba ya Bahasha

Mbele ya kila chuo kikuu nilichowahi kupita, katika nchi kadhaa, nimekuta safu ya vibanda vinavyoishi kwa wasiwasi wa wanafunzi. Vinauza kalamu, springi za kufungia ripoti, bahasha za kaki na picha za pasipoti. Kibanda ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa cha tatu kutoka lango la chuo, na mwenyewe aliitwa Mzee Nukta.

Kilikuwa chumba cha hatua sita kwa nne. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyopigwa makofi ubavuni miaka mingi mpaka pakabonyea. Stepla ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isiondoke na wateja. Ukuta wa nyuma ulifunikwa shuka la buluu, na mbele ya shuka kulikuwa na stuli. Hapo ndipo dada yake Mzee Nukta alipowapiga watu picha.

"Usicheke," aliwaambia. "Hii fomu, si harusi. Kidevu juu. Juu, nimesema, siyo mbinguni."

Jina la Nukta alipewa na wanafunzi. Mtu akimletea ukurasa mzima usio na kituo, alisimamisha vidole na kuuliza, "Mwanangu, sentensi yako inaishia wapi? Mimi nimechoka kuitafuta." Kwa miaka ishirini na sita aliandika barua za watu: maombi ya kazi, ya ufadhili, ya kusamehewa ada, wasifu wa watu ambao bado hawakuwa na la kusifiwa. Katika kazi hiyo alikuwa na sheria moja. Hakuprinti karatasi ya mtu kabla ya kumsomea mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, hadi tarehe. Mwenye haraka alisomewa vilevile. Akisahihisha neno alisema, "Hapa uliandika hivi, nimeweka hivi. Unakubali?" Mtu akikataa, alilirudisha neno lilivyokuwa hata kama lilikuwa bovu. "Maneno ni ya mwenyewe," alisema. "Mimi ni vidole tu."

Alikuwa na binti mmoja. Mkewe alifariki binti akiwa darasa la sita, na tangu hapo mtoto alikulia nyuma ya ile meza, baina ya baba na shangazi. Alijua kubadilisha wino kabla ya kujua kupika. Alipoingia chuo, lango lilikuwa hatua sitini tu kutoka alipolelewa, na shangazi yake alimtania kwamba amesafiri mbali sana kutafuta elimu.

Mwaka wake wa mwisho aliona tangazo la shule moja ya biashara iliyo nchi za nje, shule kubwa, ambayo kwa kawaida haimgusi mtu asiye na miaka mitatu kazini. Walikuwa na mlango mmoja mdogo kwa wanafunzi ambao hawajahitimu: omba sasa ukiwa bado chuoni, ukikubaliwa kiti chako kinakungoja, nenda kafanye kazi miaka miwili kisha uje. Ukishahitimu, mlango huo umefungwa kwako. Una nafasi moja tu.

Binti aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Miezi minane alijisomea mtihani wao wa hesabu na lugha kwenye kompyuta ya pili, kati ya mteja na mteja, na alipoufanya alipata alama ambazo mhadhiri wake alizitazama mara mbili. Vikabaki barua mbili za kumpendekeza, na insha ya maneno mia tano: *Eleza jambo ulilolibadilisha mahali ulipokuwa.* Insha hiyo ndiyo iliyomkosesha raha.

Baba yake aliamua kumfanyia mazoezi ya usaili. Alivaa koti, akakaa nyuma ya meza, akamweka binti kwenye stuli ya picha.

"Una uzoefu gani wa kazi?"

"Miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo, ofisi ya bima."

"Ulifanya nini huko?"

"Fotokopi."

Shangazi aliangua kicheko mpaka akashika shuka. "Katoka fotokopi ya baba yake kaenda fotokopi ya watu! Huyo ndiye mtaalamu wa kimataifa, kaka. Mpe kiti."

"Sema uliratibu nyaraka za idara," baba alisema, bila kucheka.

"Baba, nilikuwa nabonyeza kitufe cha kijani."

"Na kitufe kisipobonyezwa idara inasimama. Kwa hiyo uliratibu."

Ndivyo alivyokuwa. Hakusema uongo wa wazi, lakini miaka ishirini na sita ya kuwatafutia watu nafasi ilikuwa imemfundisha kutia chumvi kwa kipimo. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na folda aliyoiita ZILIZOPITA. Humo alihifadhi insha na barua za wateja waliofanikiwa, kwa ridhaa yao, ili awaonyeshe wengine mfano. Aliwaonyesha tu. Kunakili alikataza.

Mhadhiri wa binti, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, aliisoma rasimu ya kwanza yenye kuratibu na kusimamia, akaisukuma pembeni. "Wanasoma maelfu ya watu walioratibu," alisema. "Wewe huna uzoefu, na wanajua huna. Ndiyo maana mlango huo upo. Niambie kitu ulichokiona ambacho mwenzako hakukiona, na ulichokifanya. Hata kiwe kidogo kama sindano."

Binti alirudi kibandani, akakaa, akaitazama kamba.

Kamba hiyo ilikatiza chumba kutoka msumari wa mlangoni hadi msumari wa dirishani, na juu yake bahasha za wateja zilining'inia kwa vibanio vya nguo. Aliifunga yeye mwaka mmoja kabla. Zamani bahasha zilirundikwa mezani, iliyotangulia kufika ikitangulia kushughulikiwa. Yeye alizipanga kwa tarehe ya mwisho ya maombi: inayofungwa kesho ikae mlangoni, inayofungwa mwezi ujao ikae dirishani. Kila bahasha aliiandika tarehe mwenyewe, kwa kalamu nene, kubwa kama kiganja. Kila asubuhi alizisogeza. Alikuwa na daftari pia. Kabla ya kamba, kati ya maombi mia moja, tisa yalichelewa. Baada ya kamba, moja.

"Umetugeuza madobi," baba yake alisema siku ile ya kwanza, akiinama kupita chini yake. Lakini aliizoea, na baadaye akawa anajivuna nayo mbele ya wateja.

Hakujua kwa nini ilifungwa. Sababu yake ilikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeomba ufadhili wa masomo. Mzee Nukta alimsomea fomu yake kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake, na kwenye tarehe ya kufunga akasoma kumi na nane. Mwalimu alikuja tarehe kumi na saba na vyeti vyake vyote, amenyoa, amepiga pasi shati. Maombi yalikuwa yamefungwa tarehe kumi na tatu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja, bahasha magotini, akasema, "Labda nilisikia vibaya, mzee." Na Mzee Nukta akamjibu, kwa moyo safi kabisa, "Labda wamebadilisha tarehe, mwalimu. Hawa watu hawana adabu."

Binti aliichukua fomu, akaitazama. Tatu ilikuwa tatu. Macho ya baba yake ndiyo yaliyoiona nane. Akaanza kuyachunguza bila kusema: alivyosogeza karatasi dirishani, alivyougusa ukingo wa meza kabla ya kukaa. Hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu anayeishi kwa kusoma kwamba kusoma kunamtoka. Kesho yake akanunua kamba.

Basi hilo ndilo aliloliandika. Hakumwonyesha baba yake. Alimwonyesha mhadhiri, naye alisoma hadi mwisho, akaivua miwani, akasema, "Usiguse hata neno."

Wiki ya kufunga maombi, mtandao ulikatika mtaa mzima siku mbili. Barua ya pili ya kumpendekeza, kutoka ofisi ya bima, ilifika asubuhi ya siku ya mwisho. Maombi yalifungwa saa sita mchana, na yeye alikuwa na mtihani wake wa mwisho wa chuo kuanzia saa tatu hadi saa saba. Mtandao ulirudi saa mbili na nusu. Hakukuwa na namna. Aliweka kila kitu kwenye flashi, akaitia flashi kwenye bahasha, akaitundika kwenye kibanio cha kwanza mlangoni.

"Baba, ni kupakia tu. Faili nne. Wala usifungue."

"Nimewapakia watu wa nchi nzima, nishindwe kukupakia wewe? Nenda, mama. Nenda kaandike."

Alifungua. Alikuwa baba, na alikuwa Mzee Nukta, na karatasi ya mtu haijawahi kupita mikononi mwake bila kusomwa. Shangazi alikuwa nje akiwapanga watoto wa shule foleni ya picha. Mzee aliyakuza maandishi mpaka kila neno likawa kubwa kama tofali, akasoma.

*Baba yangu ameandika barua za watu miaka ishirini na sita. Mwaka jana macho yake yalianza kumdanganya. Alisoma tatu akaona nane, na mwalimu mmoja akakosa masomo. Sikujua jinsi ya kumwambia. Kwa hiyo nilifunga kamba.*

Alisoma tena, kisha mara ya tatu. Akamkumbuka mwalimu na shati lake lililopigwa pasi. Alichokifanya baada ya hapo alikuja kukieleza mwenyewe, mara nyingi, hata mbele yangu mimi mteja wa kupita, na hakuwahi kujitetea. Alisema aibu ilimpanda kama homa. Kisha juu ya aibu ikaja hofu: watu wakubwa wa shule kubwa watasoma kwamba huyu ni mtoto wa mpiga chapa asiyeona, na watacheka, na watafunga faili. Alikuwa amewapitisha watoto wa watu kwa maneno mazuri. Wake aende na haya?

Saa tano kasoro robo alifungua ZILIZOPITA. Alizijua kwa moyo. Alizikata aya mbili za binti yake, ile ya macho na ile ya mwalimu, akaweka badala yake aya mbili zilizowahi kumpitisha mteja kwenye shule hiyohiyo: *Tangu utotoni nimekuwa na kiu ya uongozi isiyozimika...* Kamba aliiacha, lakini sasa ilining'inia bila sababu. Hakuwepo wa kumsomea. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kubadilisha maneno ya mtu bila kumuuliza, naye mtu mwenyewe alikuwa binti yake.

Akatuma.

Binti alirudi saa saba na nusu, jasho limemkauka usoni. "Imeenda?"

"Imeenda."

Binti alimkumbatia. Shangazi akapiga vigelegele, akamlazimisha akae kwenye stuli apigwe picha ya kumaliza chuo. "Leo cheka," alimwambia. "Leo si fomu." Mzee Nukta alisema ana kazi ya kufunga ripoti, akawapa kisogo.

Wiki tano zilipita. Bila binti kujua, mzee alianza kuamka na kwenda kibandani kabla ya mtu yeyote, akawa anaisogeza kamba mwenyewe, akizigusa bahasha kwa vidole kama anayehesabu.

Jibu lilikuja mchana, binti akiwa kwenye mashine ya laminesheni. Lilikuwa fupi. Sehemu ya insha yake ilifanana neno kwa neno na maombi waliyowahi kupokea. Kwa kanuni zao, maombi yamefutwa, na mwombaji hatapokewa tena katika shule hiyo, kwa mlango wowote.

Alidhani wamekosea mtu. Akaingia kwenye akaunti yake, akafungua nakala ya insha iliyotumwa. Alipofika kwenye kiu isiyozimika hakuhitaji kuendelea. Maneno hayo aliyajua. Aliyachapa yeye mwenyewe, likizo moja, akiwa kidato cha nne, kwa ajili ya mteja.

Cheti kilichokuwa ndani ya mashine kilianza kunuka. Shangazi ndiye aliyekichomoa.

"Baba," binti alisema. "Insha yangu iko wapi?"

Mzee Nukta alivua miwani. Hakujifanya haelewi. "Uliniandika," alisema.

"Nilituandika wote wawili."

"Niliona aibu, mama."

"Mimi sikuiona. Nilikuwa nasema jinsi ninavyokupenda. Hukuliona hilo?"

"Nililisoma mara tatu," alisema. "Sikuliona."

Shangazi, mwenye neno kwa kila mtu, alikiweka kile cheti mezani. Aliligeuza bango la mlangoni likaonyesha kwamba pamefungwa, ingawa ilikuwa saa nane na nje kulikuwa na wateja.

Binti hakupiga kelele, wala hakununa kwa namna ya watu wanaotaka kubembelezwa. Kwa siku tisa alifanya kazi yote ya kibandani na kumjibu baba yake maswali ya kazi tu: ndiyo, bado, iko dirishani. Siku ya kumi mzee alikaa kwenye benchi la wateja, lilelile la mwalimu, akasema, "Nina barua. Nataka kuandikiwa."

Akamwandikia. Mzee alikuwa akiwaandikia wale wa shule ya biashara, akiwaeleza kilichotokea. Alisema polepole, bila kuratibu chochote. Alipomaliza, binti akamsomea kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria ilivyotaka.

"Hapo," mzee alimkatiza. "Nimesema niliharibu. Wewe umesoma nilibadilisha."

"Ni neno laini zaidi, baba."

"Sikukuambia ulainishe. Maneno ni ya mwenyewe."

Akaliandika: niliharibu. Waliambatanisha insha ya kwanza, na mhadhiri akaongeza barua yake ya mistari mitatu. Walituma asubuhi ya Jumatatu. Binti alitia nakala kwenye bahasha, akaitundika kwenye kamba. Kwa kuwa haikuwa na tarehe, aliiweka dirishani.

Nilipofika mji ule, nikitafuta mtu wa kunijazia fomu ya ukaazi kwa lugha ya maofisa wao, bahasha hiyo ilikuwa bado inaning'inia. Mzee alikuwa ameacha kuchapa. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba angekuja mapema angesaidiwa. Alikaa kwenye benchi, akiwasikiliza wateja wakisomewa. Binti aliajiriwa na ile ofisi ya bima, siku nzima, na jioni na Jumamosi alikuwa kibandani. Alikuwa amehitimu. Shule nyingine zenye mlango mdogo kama ule zilikuwa zimekwisha kufunga, na mwaka uliofuata asingekuwa mwanafunzi tena. Shangazi alinipiga picha nne, akaniambia nina uso wa mtu anayedaiwa maelezo.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo, Jumamosi, nikiwa kwenye stuli. Binti aliliona kwenye kompyuta, akaliprinti, kwa sababu kibanda hicho kilikuwa hakiamini kitu kisicho kwenye karatasi. Baba yake aliisikia printa. Aliijua kila sauti ya printa ile, na alijua hakuna mteja aliyeagiza.

"Ni wao?"

"Ni wao."

"Nisomee."

Karatasi ilikuwa mkononi mwa binti peke yake. Mzee asingeweza kuiona hata ikigusa pua. Shangazi alimtazama binti kwa jicho la kusihi, na nilielewa anamwomba nini. Mstari mmoja wa kutunga ungetosha.

Binti alisimama karibu na benchi, akasoma kwa sauti ya kazi, ile ya kumsomea mteja. Walishukuru kwa barua. Walisikitishwa na yaliyotokea. Waliisoma insha ya kwanza na kuiona kuwa ya kweli na yenye nguvu, na yumkini ingefika mbali. Hata hivyo, kanuni hairuhusu kufungua upya maombi yaliyofutwa, na uamuzi unabaki ulivyo. Akasoma jina la aliyetia saini, na cheo chake, na tarehe.

Mzee Nukta alikuwa ameinamisha kichwa. "Wamesema ingefika mbali?"

"Wamesema yumkini."

"Yumkini," alirudia. "Hukuongeza?"

"Sikuongeza."

"Wala hukupunguza."

"Wala sikupunguza, baba."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, akanyoosha mkono. Binti akampa karatasi. Aliipitishia kidole kutoka juu hadi chini, akiusaka mwisho wake, kisha akaikunja na kuitia mfuko wa shati. Binti akaenda dirishani, akafungua kibanio, akaitoa ile bahasha. Akazisogeza nyingine zote nafasi moja ili pengo lisionekane.

Kisha akageuka kwangu, akaichukua fomu yangu mezani.

"Samahani kwa kukuchelewesha," alisema. "Nakusomea kwanza. Ukisikia neno ambalo si lako, nisimamishe."

Akanisomea jina langu, na la baba yangu, na mahali nilipozaliwa. Tarehe aliisoma mara mbili.